Orodha ya Mali

Karatasi ilikunjwa mara nne,
na penye mikunjo wino umeliwa.
Jotham Purdy alisimama mbele ya hakimu, kofia mkononi,
akaapa kwa Mungu kwamba hana kitu.

Mimi ni kinying'inya wake, au nimeshapita hapo:
majina ya vizazi huisha, ukoo ukiendelea.

Ndivyo sheria ilivyotaka. Aliyepigania taifa
asipate pensheni mpaka aonyeshe ufukara wake
kama mtu aonyeshavyo kidonda.
Basi akataja, karani akaandika:

ng'ombe mmoja, mzee, pembe moja;
nguruwe watatu, wawili wako msituni,
hawajaonekana tangu theluji iyeyuke;
chungu cha chuma, kina ufa;
vijiko sita vya bati; shoka;
gurudumu la kusokotea uzi, la mke wangu;
Biblia, haina jalada.
Jumla, dola ishirini na tisa na nusu.
Ardhi: hakuna.

Kidole changu kimekwama hapo.
Maana shangazi Orpha, kila mwaka akikata pai ya maboga,
alitwambia mzee alipewa eka mia
ng'ambo ya Mto Ohio, fidia ya goti la kushoto
lililosagwa na risasi kipupwe kile
askari walipochemsha mikanda wakanywa mchuzi.
Kwamba alikuta pori tupu.
Kwamba alikata miti mpaka jua likagusa udongo
kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe.
Shangazi alikuwa na kisu mkononi. Nani angebisha?

Lakini faili halina shangazi.
Hati ya eka mia iliuzwa Marietta, kwa mlanguzi mwenye glavu,
kwa bei ya ng'ombe mmoja na mfuko wa chumvi.
Hati hailiwi.
(Huyu wa pembe moja labda ni kitukuu wa ng'ombe yule.
Naye ana ukoo.)
Miaka thelathini akalima shamba la mwingine,
akichechemea nyuma ya plau,
akiita "kwangu" kila kibanda alichokodi.

Alipokufa, ikawa zamu ya Keziah.
Serikali ikamwuliza mjane: una ushahidi gani
kwamba ulikuwa mkewe?
Cheti hakikuwepo; mchungaji aliyewafungisha ndoa
alizama akivuka mto na farasi wake.
Keziah akachukua ile Biblia isiyo na jalada,
akachana ukurasa wa vizazi,
akautia kwenye bahasha.
Hawakumrudishia.

Ndio huu. Ukingo mmoja una meno.
Watoto tisa, kwa mwandiko unaolegea kadiri wanavyoongezeka:
Submit. Asahel. Asahel tena,
maana wa kwanza hakufika Krismasi.
Lovina. Mmoja hana jina, ana neno "theluji" tu.
Na kando ya Asahel wa pili, herufi ndogo kama chawa:
"Nilizalishwa na mwanamke wa Kishawnee
aliyekuja kuangalia mahindi yake.
Matuta yalikuwa yake. Sikumwuliza jina."

Pori tupu, shangazi.

Mlinzi wa chumba anasema zimebaki dakika kumi.
Kalamu ya wino hairuhusiwi humu; nimepewa penseli fupi,
imetafunwa na mtu mwingine aliyekuja kutafuta wake.
Nanakili: wa kwanza, wa pili, yule wa theluji.
Nikifika kwa mkunga naacha nafasi,
upana wa jina moja. Sijui lilikuwa refu kiasi gani.
Nafuta, naiongeza,
nafuta tena,
mpaka taa ya meza inazimwa.